Sanamu zisiishie kwenye vipilefti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na wanaopanga sanamu za miji yetu.

Mimi natembeza wageni Mji Mkongwe, na kituo nisichokiruka ni Mkunazini, uwanja wa kanisa la Anglikana palipokuwa soko la watumwa. Pale ipo kazi ya Clara Sörnäs, msanii wa Sweden, ya mwaka 1998: watu watano wamo ndani ya shimo, mnyororo umepita shingo hadi shingo.

Kazi yangu ni kusema, lakini pale huwa nanyamaza nikaangalia miguu ya wageni. Wanafika kwa kelele zao, simu mkononi, halafu ghafla ardhi inakatika na wote wanasita. Sanamu tulizozizoea hutufanya tuinue shingo. Hizi unaziinamia. Wewe juu, wao chini. Kabla hujaambiwa neno umeshawekwa aliposimama mnunuzi. Wengi hawapapendi hapo, wanaanza kuzunguka. Jicho linafuata mnyororo, miguu inafuata jicho, mpaka wamemaliza pande zote nne. Watoto ndio wa kwanza kuchuchumaa watazame nyuso sawa kwa sawa. (Wapo pia wa kutaka kushuka shimoni wapigwe picha. Hao nawashika mkono.)

Sasa nenda Dar es Salaam, Mtaa wa Samora, kwenye Sanamu ya Askari. Ipo tangu 1927, ukumbusho wa askari Waafrika na wachukuzi wa Vita Kuu ya Kwanza. Ina maandishi na picha za kuchongwa kwenye msingi, na mimi nilitaka kuyasoma. Imewekwa katikati ya kipilefti! Nilivuka mbio kama mwizi, nikapigiwa honi na bodaboda, nikasoma upande mmoja nikarudi. Wachukuzi wale waliibeba vita ile kwa miguu, na mwenda kwa miguu leo hana njia ya kuwafikia.

Waliopanga mwaka 1927 hawapo tuwaulize. Wa leo wapo, na bado kila sanamu mpya wanaitafutia kipilefti, wanaizungushia maua na chemchemi, ionekane na mwenye gari kwa nukta mbili. Kabla ya kumlipa mchongaji, waulizwe: mtu atasimama wapi, na atafikaje hapo?

Na pale Samora, mistari ya pundamilia ichorwe hadi kwenye msingi wa sanamu. Ni rangi nyeupe tu.

Mtembeza wageni,
Mji Mkongwe, Unguja