Walimu wetu wa bodi wanatudai: wito wa harambee kabla ya tarehe 4 Januari 2021

Kwa wazazi wote, wanafunzi wa zamani wa shule yetu ya kutwa, na wana wa nyumbani popote mlipo, Mombasa, Nairobi, Doha na Riyadh.

Salamu nyingi kutoka kwa kamati ya wazazi. Nimeandika barua hii mara tatu na kuichana, kwa sababu kila nikianza na hesabu naona aibu, na nikianza na maneno ya heshima naona nawazungusha. Basi nianze na nilichokiona.

Mwezi wa Juni nilikwenda timbo kununua kokoto. Nilikuwa namalizia varanda ya nyumba yangu. Nikaonyeshwa rundo moja lililopondwa vizuri, mawe yote saizi moja, nikauliza la nani. Aliyeinuka kwenye kibanda cha makuti, nyundo mkononi na kidole kimefungwa kitambaa, alikuwa mwalimu wetu wa hesabu na fizikia.

Sikujua niseme nini. Yeye ndiye aliyenitoa katika ule ukimya. Aliniamkia, "Shikamoo, mzee," kama anavyoniamkia siku zote pale langoni, kisha akaniuliza kuhusu kijana mmoja wa Kidato cha Nne ambaye hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Bila cheti hicho mtoto hasajiliwi kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. "Kile cheti kilipatikana?" Mimi, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, sikuwa najua. Yeye, ambaye tulimlipa mara ya mwisho mwezi wa Machi, alijua jina la yule mtoto, alijua barua ya chifu iliandikwa lini, na alijua kwamba mama yake alikwenda mpaka mjini Kilifi akarudishwa kwa kukosa nakala moja.

Nilinunua zile kokoto. Nikampa bei aliyotaja. Tangu siku hiyo nikipita kwenye varanda yangu najua ni nani aliyeponda kokoto zake, na kwa nini.

Wasiojua mambo ya shule wataniuliza mwalimu wa serikali anafanya nini timboni. Huyu si wa serikali. Shule yetu ina walimu 11. Wanne, pamoja na mwalimu mkuu, wameajiriwa na TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, na mishahara yao haikukatika. Saba waliobaki ni walimu wa bodi: wameajiriwa na halmashauri ya shule na wanalipwa kwa mchango wetu sisi wazazi, shilingi 8,000 kwa mwezi. Mtasema, si elimu ya shule za kutwa ni ya bure? Fedha za serikali huja, tunashukuru, lakini hata miaka ya raha hazikutosha kujaza nafasi za walimu tuliopungukiwa. Hesabu, fizikia, kemia, Kiswahili, somo la kilimo, yote hayo kwetu yanafundishwa na hawa saba.

Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi. Siku mbili baadaye Rais akaagiza shule zifungwe. Muhula ulipokatika na mchango ukakatika. Na wazazi wenyewe mnajua tulivyokuwa. Tarehe 8 Aprili kaunti yetu ya Kilifi ilifungwa, haingii mtu wala hatoki. Hoteli za Watamu na Malindi zikawarudisha watu nyumbani. Mwenye mananasi na mihogo yake ya kupeleka soko la Kongowea, Mombasa, ikamwozea. Mimi simlaumu mzazi hata mmoja kwa miezi ile. Lakini njia zilifunguliwa mwezi wa Juni, watu wakaanza kuinuka pole pole, tukalipa madeni ya dukani, tukalipa ya kinuni, na deni la walimu tukaliacha chini kabisa ya orodha, kwa kuwa wao hawakuja kutugongea milango.

Walikuja kwa jambo jingine. Masomo yalikuwa yanasomwa redioni, yametayarishwa na KICD, taasisi ya mitaala, na kutangazwa na redio ya taifa, KBC, na yalikuwa masomo mazuri kwa mwenye redio yenye betri. Nyumba nyingi za huku simu ni mulika-mwizi, zile ndogo zisizo na WhatsApp, na chaji yenyewe ni ya kulipia dukani. Kwa hiyo mwalimu wa hesabu aliandika maswali kwa mkono, nakala baada ya nakala, akayaacha pale kinuni tunakosaga mahindi. Mtoto akileta debe la mahindi anaondoka na karatasi ya maswali, wiki ya pili anairudisha na majibu. Nilimuuliza mwenye kinu ni nani aliyekuwa akinunua karatasi hizo. Akacheka kidogo, akasema zilikuja pamoja na vumbi la kokoto.

Mwalimu wa kemia alikuwa na simu nzuri, akawa anawatumia masomo wale wachache wenye WhatsApp, kwa bando alilonunua mwenyewe, mpaka simu ikauzwa ili alipe kodi ya chumba. Baada ya hapo alikuwa akienda kwa miguu. Jumanne na Ijumaa, chini ya mkorosho ulio nyuma ya msikiti, wanafunzi wanne au watano, barakoa usoni, kila mmoja kwenye jiwe lake.

Tarehe 12 Oktoba Kidato cha Nne waliporudi, tuliwangoja watahiniwa 38. Walikuja 31. Hapo ndipo nilipomwona mwalimu wetu wa Kiswahili na historia akifanya kazi ambayo hakuna aliyemwandikia kwenye barua ya kuajiriwa. Yeye mwenyewe ana mtoto mchanga. Alikuwa akifundisha mpaka saa tisa, akirudi kunyonyesha, kisha anatoka na mzee wa Nyumba Kumi kuwatafuta wale saba nyumba kwa nyumba. Mmoja alikuwa ameshaanza bodaboda Mariakani. Nauli ya kumfuata ilitoka mfukoni mwa mwalimu. Mmoja alikuwa akichoma makaa na baba yake. Msichana mmoja alikuwa amejifungua mwezi wa Agosti na alikuwa ameapa hatarudi kuvaa sare mbele ya wenzake. Mwalimu alikaa naye kwenye mkeka siku tatu mfululizo. Mwisho alizungumza na bibi wa jirani na shule, na sasa mtoto anabaki kwa bibi huyo, na saa nne msichana anatoka dakika ishirini kumnyonyesha. Watano kati ya saba wamerudi. Wawili bado, na mwalimu hajaacha kuwataja.

Darasani nako kazi imekuwa mbili. Sheria ni mita moja na nusu kati ya mwanafunzi na mwanafunzi, kwa hiyo Kidato cha Nne wamegawanywa vyumba viwili na somo linafundishwa mara mbili, sauti ikipita kwenye barakoa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mmoja wao yuko langoni na kipimajoto, mwingine anajaza maji ya kunawa. Mwezi ule ule wa Oktoba tulisikia walimu wa shule za Mombasa wameambukizwa na shule zikafungwa tena. Wenzetu hawa wana wazee nyumbani, wana watoto, na hawana bima. Hakuna aliyekosa zamu yake.

Sasa shule imefungwa tarehe 23 Desemba, na tarehe 4 Januari wanarudi wanafunzi wote, vidato vyote vinne. Madarasa hayatatosha, tumeshafyeka chini ya miembe. KCSE ni mwezi wa Machi. Yaani walimu saba walioshindia uji mwaka mzima ndio tunaowategemea kubeba muhula mzito kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo.

Hesabu ni hii. Walimu saba, 8,000 kwa mwezi, miezi tisa tangu Aprili hadi Desemba, ni 504,000. Mwezi wa Julai ilitangazwa kwamba serikali itawasaidia walimu wa bodi. Kwetu waliofikiwa ni watatu waliokuwa na karatasi kamili, 10,000 kwa miezi miwili, jumla 60,000. Wazazi wa Kidato cha Nne walichanga 44,000 Oktoba na Novemba, Mungu awabariki. Deni lililobaki ni 400,000. Tumeongeza mshahara wa Januari, 56,000, ili wasianze mwaka na deni jipya, na 4,000 za kuchapisha kadi za mchango na kutuma pesa. Tunatafuta 460,000.

Msishtuke. Watu hawa hawa, mwaka wa 2014, ndio waliojenga maabara. Wengi wenu mlikuwepo. Mnakumbuka jogoo wa yule bibi aliyekuja kwa miguu tangu alfajiri, akanadiwa, aliyemnunua akamrudisha anadiwe tena, mara sita, mpaka jogoo mmoja akaingiza 11,000. Vijana waliosomea kwenye maabara ile leo wako vyuo vikuu, wako hospitalini wanatibu, na wawili ni miongoni mwa hawa walimu saba ninaowaandikia habari zao. Walirudi kufundisha walikofundishwa, na malipo yao yamekuwa haya.

Nitasema jambo ambalo katika kamati tuliogopa kulisema. Mwezi wa Septemba tulipata msiba, na kikundi chetu cha mazishi kilikusanya 90,000 kwa siku mbili. Nilichanga na nilijivunia. Lakini mmoja wa hawa walimu akianguka leo, tutamkusanyia sanda na jeneza kabla jua halijazama, na kila mmoja atasimama aeleze alivyokuwa mtu mwema. Yu hai sasa. Anatudai.

Imamu wetu aliligusia hili Ijumaa iliyopita na mchungaji akalirudia Jumapili, hawakuwa wamekubaliana: mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho halijakauka. Nilikaa kote kuwili na kote kuwili niliinamisha kichwa.

Binti zetu mlioko Riyadh na Doha, tunajua pesa zenu zinavyopatikana, na tunajua nyinyi pia wengine mlikaa miezi bila mshahara mwaka huu. Kwenu siwaombi kikubwa. Mwenye riyali kumi alete kumi. Nyinyi mlio kwenye maofisi ya Mombasa na Nairobi, ambao majina yenu yako kwenye ubao wa heshima pale ukumbini, nawaomba kwa jina: fikirieni mwezi mzima wa mwalimu mmoja, 8,000. Mzazi wa hapa nyumbani asiye na pesa alete debe la mahindi au kuku, tutauza na kuandika thamani yake kwa jina lake. Tayari mama mmoja ameleta jogoo. Vijana wa Nairobi wamesema watamnadi kwa simu.

Safari hii hatutaita mkutano, wala hakutakuwa na mgeni wa heshima, kwa sababu ya masharti ya mikusanyiko. Michango yote ipite kwenye namba iliyochapishwa kwenye kadi, ambayo ni ya shule na si ya mtu. Msimpe mtu pesa taslimu njiani, hata mimi. Mweka hazina ataandika kila shilingi kwenye daftari, na kila Jumamosi jioni orodha itabandikwa langoni na kupigwa picha kwa walio mbali. Atakayetaka kufichwa jina aseme. Walimu watatia sahihi wanapopokea, mbele ya mwalimu mkuu na wajumbe wawili wa kamati, mmoja wa msikitini na mmoja wa kanisani. Kikizidi kitu, kitanunua sabuni na barakoa.

Kadi zirudishwe kufikia Jumamosi tarehe 2 Januari.

Jana nilikwenda kumwona mwalimu wa hesabu nyumbani kwake. Kuna shule ya binafsi mjini imemwita, mshahara mara mbili, wanataka jibu kabla ya shule kufunguliwa. Hakunificha. Alinionyesha ile barua, akaikunja, akaniuliza kama wale wawili wa Kidato cha Nne wamepatikana. Nikamwomba angoje mpaka tarehe 4. Akasema, "Nitangoja, mzee."

Mwenyekiti, kwa niaba ya kamati ya wazazi
Kilifi, 27 Desemba 2020