Msiilaumu mbegu ya pishori

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kuandika neno, lakini ile habari yenu kuhusu pishori, mchele wa kunukia unaolimwa Mwea, imenichoma moyo. Mwandishi ameitwika mbegu lawama zote: eti imechoka, ndiyo maana Nairobi tunanunua mchele wa Pakistan. Mbona hakuuliza mpunga ukishavunwa unapitia wapi?

Mimi nauza nafaka Nyamakima. Majuzi niliuziwa gunia la pishori nikaambiwa ni daraja la kwanza. Kuumwaga kwenye ungo, karibu nusu ni chenga, na punje nzima nikiziinua kwenye mwanga naona mstari mwembamba wa ufa katikati. Mteja wangu aliyeupikia harusi alinirudia akifoka kwamba wali uligeuka mashendea mbele ya wakwe. Ufa ule hautoki kwenye mbegu! Mpunga huvunwa ukiwa na unyevu wa asilimia 20 au zaidi, na unatakiwa ushuke polepole hadi 14 hivi ndipo ukobolewe. Ukitandazwa kwenye turubai jua la saa saba bila kugeuzwa, punje hukauka nje kabla ya ndani, zikapasuka. Ukishakauka kisha ukanyeshewa, ni yale yale. Halafu unatiwa kwenye mashine kuukuu inayotoa makapi na pumba kwa mkupuo mmoja, na punje iliyokuwa na ufa inakatika. Mashine ya roli za mpira hutoa ganda kwanza, mchele ukang'arishwa baadaye kwa awamu. Kilo 100 za mpunga mzuri hutoa kilo 65 za mchele, hata zaidi. Hizo kuukuu mara nyingi hazifikishi 60, na humo chenga tele. Anayepata hasara ni mkulima, na bado ninyi mnamsuta yeye na mbegu yake.

Kuna na hawa wanaochanganya pishori na mchele wa nje, wakashona gunia upya na kuuza kwa bei ya pishori. Mbona hao hamwaandiki?

Kila mwenye mashine awe na kipima unyevu mlangoni, na mpunga uliozidi 14 urudi kuanikwa. Kisha achote gramu 100 za mchele mbele ya mnunuzi, azichekeche, apime chenga, na kiasi hicho kiandikwe kwenye gunia kwa rangi isiyofutika. Na mwandishi wenu aende Wang'uru, mji wa huko Mwea, wakati wa mavuno, akae kwenye turubai kuanzia asubuhi hadi jioni, ndipo atuandikie upya.

Muuza nafaka,
Nyamakima, Nairobi