Vijana Wakatoliki wa Dodoma, Septemba si mwezi wa kupanda miti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana wa Kanisa Katoliki wa mkoa wetu wa Dodoma, pamoja na mapadre, makatekista na wenyeviti wa jumuiya wanaowaongoza, kuhusu jambo linaloniuma kila mwezi wa tisa unapokaribia. Mimi ni mlezi wa vijana katika parokia moja ya pembezoni mwa mji. Haya ninayoyaandika nimeyaona kwa macho yangu, na kwa sehemu kubwa ni makosa niliyoshiriki kuyafanya.

Papa Fransisko alitoa waraka wake wa Laudato Si' juu ya utunzaji wa nyumba yetu ya wote tarehe 24 Mei 2015, na mwaka huohuo akaiweka tarehe 1 Septemba kuwa Siku ya Kuombea Utunzaji wa Kazi ya Uumbaji. Kuanzia siku hiyo Wakatoliki, pamoja na Wakristo wa madhehebu mengine, huingia katika Kipindi cha Kazi ya Uumbaji, ambacho hufungwa tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi, ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwaka 1979 kuwa msimamizi wa wanaotunza mazingira. Vijana wetu wameupokea mwito huo kwa moyo mkunjufu. Vijana wa VIWAWA (Vijana Wakatoliki Wafanyakazi), wanafunzi Wakatoliki wa chama cha TYCS, wanakwaya, hata watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki, wote ukiwaambia kuna kazi ya mazingira wanafika na majembe kabla hujamaliza tangazo. Sina shaka hata kidogo na utayari wao, bali nina shaka na kazi tunayowapa.

Kazi yenyewe, katika parokia nyingi ninazozifahamu, ni kupanda miti wiki ya kwanza ya Septemba. Anayeijua Dodoma anaelewa tatizo liko wapi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 600. Septemba upepo unavuma, ardhi imekauka na kupasuka, visima vifupi vimekwisha na kina mama wanapanga ndoo kwenye foleni tangu alfajiri. Kumpa kijana mche wa mwarobaini au mjohoro auzike katika udongo wa namna hiyo, miezi mitatu kabla ya mvua, ni kuuhukumu mche ufe. Kipindi cha Kazi ya Uumbaji ni cha Kanisa zima duniani, nami nakipenda, lakini kalenda ya liturujia haikutungwa kwa kufuata mvua za Ugogo, kwa hiyo ni wajibu wetu sisi tunaoishi huku kuuliza kila mwezi unadai kazi gani.

Miaka michache iliyopita tulifanya hivyo hivyo katika parokia yetu. Tuliadhimisha Misa nzuri, tukaibariki miche, tukaipanda kuzunguka uwanja wa kanisa, na kila kijana akakabidhiwa wake. Wiki tatu za mwanzo walileta maji kwa madumu. Wiki ya nne shule zikaanza mitihani, bomba la mtaa likakauka, mbuzi wakapita. Siku ya Krismasi nilizunguka uwanja ule baada ya Misa ya asubuhi, na miche iliyokuwa bado na jani la kijani niliihesabu kwa vidole vya mikono miwili na vingine vikabaki. Msichana mmoja aliyekuwa amefunga kipande cha karatasi chenye jina lake kwenye mti wake aliukuta umekauka, karatasi bado ipo. Hakusema neno, alikifungua kile kikaratasi akakiweka mfukoni. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni imani gani tunayomfundisha mtoto tunapombebesha kiumbe hai ambacho sisi wakubwa tunajua hakitaishi.

Jibu nililipata shambani, wala si kwenye semina. Katika wilaya za mkoa wetu, hasa Mpwapwa, Kongwa na Chamwino, wakulima wamekuwa wakifundishwa kwa miaka kadhaa sasa njia inayoitwa Kisiki Hai, ambayo taasisi ya LEAD Foundation imeieneza kijiji kwa kijiji ikishirikiana na shirika la Justdiggit la Uholanzi. Msingi wake ni mwepesi mno hata mtu anaweza kuudharau. Mashamba ya Dodoma yanayoonekana kuwa matupu, kwa kweli yamejaa miti chini ya ardhi. Migunga, mikwaju na miti mingine ya asili iliyokatwa zamani kwa ajili ya mkaa na kuni bado ina mizizi mirefu iliyo hai, na kila mwaka huchipua vichaka vifupi ambavyo mkulima huvifyeka anaposafisha shamba, navyo huchipua tena, naye huvifyeka tena, hivyo hivyo miaka ishirini bila mti hata mmoja kusimama. Asipovifyeka vyote, mti unarudi. Hauhitaji kitalu wala kumwagiliwa, maana mizizi yake inajua maji yalipo.

Mama mmoja wa jumuiya yetu, mjane mwenye shamba la uwele na karanga, ndiye aliyetuita vijana na mimi tukaone. Alituonyesha kisiki cha mgunga kipana kama sinia, chenye vichipukizi visivyopungua ishirini vilivyosongamana kama ufagio. Alichagua vitatu vilivyonyooka na kunenepa kuliko vingine, akavikata vilivyobaki kwa panga kali kwa kupeleka panga juu, gome lisichanike, kisha katika vile vitatu akaondoa matawi ya chini mpaka nusu ya urefu. Akachana pindo la kanga kuukuu akafunga kwenye shina ili mwenye jembe na mwenye mifugo wajue kwamba mti huu una mwenyewe. Matawi yenye miiba aliyoyakata aliyapanga kuzunguka kisiki kuwazuia mbuzi. Fito zilizobaki alizifunga mzigo, akajitwisha, na jioni ile zilimpikia ugali. Kazi yote haikufika nusu saa, na mimi niliyekuwa nimekuja na daftari sikuandika chochote kwa sababu hapakuwa na kitu cha kusahau.

Ule mzigo wa kuni ndio ulionifungua macho. Tunapowahubiria watu wetu waache kukata miti huku mama hana cha kuwashia jiko usiku huohuo, tunamwongezea mzigo tu. Serikali imeweka mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, nami naombea ufanikiwe, lakini mtungi wa gesi bado haujafika katika kaya nyingi za vijijini kwetu, na zilizo nao hazimudu kuujaza kila mwezi. Kisiki kinachopogolewa vizuri kinampa mama kuni leo, na mwaka ujao tena, huku mti ukiendelea kukua. Papa Fransisko aliandika kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi, na pale shambani niliona vyote viwili vikijibiwa kwa panga moja.

Wapo watakaosema kwamba hizi ni hadithi za shamba moja. Niger, nchi kavu kuliko yetu, ilianza njia ya namna hii katika miaka ya 1980 kwa juhudi za Tony Rinaudo, mmisionari kutoka Australia ambaye naye alikuwa amechoka kupanda miche inayokufa, na leo hekta zinazokadiriwa kufika milioni 5 za mashamba ya wakulima wadogo nchini humo zina miti iliyorudi kutoka visikini. Hapa kwetu wazee wa Kondoa wanakumbuka mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza 1973, na jinsi mifugo ilivyoondolewa mwaka 1979 katika eneo lililokuwa limeharibiwa na makorongo. Uamuzi ule uliwaumiza wafugaji, wala sipendekezi kuurudia, lakini ulionyesha wazi kwamba ardhi ikipumzishwa hujivika majani na miti yenyewe.

Sasa narudi kwa vijana. Kipindi cha Kazi ya Uumbaji, ambacho kwa kupanda miche ni kibaya kuliko vyote, kwa Kisiki Hai ndicho kizuri kuliko vyote. Septemba mazao yameshatoka shambani, visiki vinaonekana, na wakulima bado hawajaanza kuberega, yaani kuandaa shamba kabla ya mvua. Baada ya wiki chache majembe na moto vitapita na vichipukizi vyote vitakwenda. Vijana wakiingia mashambani katikati ya tarehe 1 Septemba na 4 Oktoba, wakiwa na ruhusa ya wenye mashamba, watakuwa wameuwahi mti kabla haujafyekwa kwa mara nyingine, na mvua za Desemba zitaukuta umeshajiandaa. Desemba hiyo ni Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Krismasi, ambapo tunasoma kwa Isaya habari za chipukizi litakalotoka katika shina la Yese. Nimelisikia somo hilo tangu utotoni. Vijana walioshika panga Septemba hawatalisikia kama nilivyolisikia mimi, wala maneno ya Ayubu kwamba mti uliokatwa una matumaini ya kuchipua tena kwa harufu ya maji.

Ninachokiomba kifanyike kupitia jumuiya ndogo ndogo, na hapa ndipo nadhani Kanisa lina kitu ambacho miradi mingi haina. Mradi huja na gari, hufundisha, huondoka. Jumuiya hukutana kila wiki, nyumba kwa nyumba, wakulima haohao wenye mashamba haohao. Jumuiya inajua nani amekodi shamba na nani ni lake, nani ana mbuzi, nani hakai na jirani yake vizuri. Kisiki kilichofungwa kitambaa kinahitaji kutembelewa kila baada ya miezi miwili mitatu, vichipukizi vipya vikatwe, miiba irudishwe mahali pake, na kazi ya namna hiyo haiwezi kufanywa na umati unaokusanyika siku moja kwa mwaka. Laudato Si' yenyewe, katika kifungu cha 219, inasema kwamba matatizo ya jamii hayatatuliwi na mtu mmoja mmoja kujitahidi kivyake, yanadai mtandao wa jumuiya. Mtandao huo tunao tangu maaskofu wa Afrika Mashariki walipozifanya jumuiya hizi kuwa kipaumbele cha uchungaji katika miaka ya 1970. Vijana wawili katika kila jumuiya wakikabidhiwa visiki vya mashamba ya eneo lao, wakatoa taarifa kila mwezi baada ya sala, hawatahitaji bajeti.

Kuna vikwazo, na sitaki kuvificha. Vijana wengi hawana ardhi, na aliyekodi shamba kwa msimu mmoja haoni faida ya mti atakaoukuta mwingine. Baada ya mavuno mifugo huachiwa izunguke mashambani, na hilo ni la mkutano wa kijiji na sheria zake ndogo, parokia peke yake hailiwezi. Majirani zetu wengi ni Waanglikana na Waislamu, na hapo naona heri badala ya kikwazo, kwa sababu mbuzi wa jirani akizuiwa kwa makubaliano, shamba la Mkatoliki na la Mwislamu yote yanapona. Kikwazo kikubwa zaidi kwa vijana, nadhani, ni kwamba kisiki hakina sherehe. Kupanda mche kuna mshereheshaji, fulana na picha. Kupogolea kisiki kuna jua na miiba mikononi, na mtu akipita barabarani anaona kichaka tu. Nawaomba vijana wangu waikubali kazi hiyo isiyoonekana, kama wanavyokubali kufagia kanisa Jumamosi wakati hakuna anayewatazama.

Na kwa wale wanaoniambia kwamba haya si kazi ya Kanisa, kwamba vijana wafundishwe sala na maadili kwanza, najibu kwa heshima kwamba mtu wa kwanza katika Maandiko aliwekwa bustanini ailime na kuitunza kabla hajapewa kazi nyingine yoyote. Waraka wa Papa, katika kifungu cha 217, unafundisha kwamba kulinda kazi ya Mungu si jambo la hiari wala la pembeni katika maisha ya Mkristo. Mwaka 2025 Papa Leo XIV aliadhimisha kule Castel Gandolfo Misa kwa ajili ya utunzaji wa kazi ya uumbaji, ambayo Kanisa limeiingiza katika Misale, kitabu cha sala za Misa. Tukiisali Misa hiyo huku Dodoma, ningependa vipaji vinavyoletwa altareni viwe pamoja na panga lililonolewa na vitambaa vya kufungia visiki, na Baba Paroko avibariki.

Sisemi tuache kabisa kupanda. Miche ya matunda na ya kivuli ipandwe Januari, ardhi ikiwa imelowa, michache, katika nyumba zenye watu wa kuitunza, na anayepanda aeleze maji ya Agosti yatatoka wapi kabla hajakabidhiwa mche. Parokia zetu pia ziache kuandika katika taarifa za mwaka idadi ya miti iliyopandwa, ziandike iliyo hai baada ya kiangazi kimoja. Mwaka wa kwanza hesabu itatuaibisha. Itatusaidia pia kujua tulipo.

Kwetu tumeanza kuomba ruhusa mapema. Wenye mashamba wanane katika jumuiya tatu wamekubali, wawili kati yao si Wakatoliki, na kina mama wametuletea mfuko wa vipande vya kanga zilizochakaa. Yule msichana wa kikaratasi sasa ni katibu wa vijana, na orodha ya visiki ameiandika yeye mwenyewe kwa mkono. Parokia jirani wakitaka kuja kujifunza kabla ya tarehe 1 Septemba, tutawapeleka kwa yule mama mwenye shamba la uwele, naye amesema atawapokea siku yoyote isipokuwa Jumatano, maana ni siku ya jumuiya.

Mlezi wa vijana,
Dodoma