Barua kwa Mwanangu: Kaskazi Imeingia, Nami Nimerudi kwenye Ukili

Wete, Pemba
Desemba

Mwanangu mpenzi,

Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, barua yako imenifikia kwa mkono wa mjomba wako aliyeshuka melini Ijumaa, nami nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza haraka haraka ili nijue kama u mzima, na mara ya pili polepole baada ya sala ya alasiri, nikiwa nimeketi upenuni na ukili wangu mapajani, ule utepe wa ukindu unaoshonwa ukawa mkeka. Sisi sote hatujambo. Baba yako goti linamsumbua kidogo, lakini halimzuii kwenda anakopenda kwenda, na wewe unapajua.

Umeniandikia kwamba huko Njombe koti zito umekwisha kulitundika ukutani, kwamba ile baridi ya Juni na Julai iliyokulaza na soksi miguuni imesahaulika, na kwamba siku hizi mvua isiponyesha hutoka kazini jua lingali juu na hujui ulifanyie nini. Kisha, katika ukurasa wa pili, ukanishauri niipige picha mikeka yangu, nawe uitangaze kwenye simu yako tuiuze. Mambo hayo mawili umeyaandika mbalimbali kana kwamba hayajuani. Kwangu mimi ni jambo moja, na ndilo lililonifanya nishike kalamu badala ya kukupigia simu.

Huku kwetu kusi imekata zamani. Tumepita katika zile siku za maleleji, pepo zinapobadilishana, ambapo bahari hulala kama mafuta ndani ya sinia na ukuti wa mnazi hautikisiki, tukafukuzana na mvua za vuli tukiwa na karafuu majamvini, tukianika asubuhi na kuanua mbio mbio mchana kila wingu lilipojikunja, na sasa kaskazi imeingia sawasawa. Upepo huu ndio ulioyaleta majahazi ya Arabuni na Ghuba katika pwani yetu kwa karne nyingi, na kusi ndiyo iliyoyarudisha kwao. Majahazi hayaji tena kama zamani, lakini upepo hakuna aliyeupasha habari hiyo, nao unakuja vilevile.

Joto lake unalijua. Kazi yoyote ya maana lazima iwe imekwisha kabla ya saa nne: ua umefagiwa, nguo zimefuliwa, samaki amenunuliwa angali na jicho linalong'aa. Kuanzia saa sita mpaka saa tisa nyumba ya bati huwa tanuri, na mtu mwenye akili huhamia chini ya mwembe. Ni kweli kwamba tangu umeme wa gridi ulipotufikia mwaka 2010 kwa ule waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, wengi wamejifungia ndani na mapangaboi yao na televisheni, nami siwalaumu, kwa sababu usiku wa Januari hata mimi hulishukuru pangaboi. Lakini mchana naliona linazungusha joto lile lile tu, kama mtu anayekoroga uji uliokwisha kuiva. Mwembe una kivuli, una upepo, na una watu.

Hizo ndizo saa ninazotaka kukueleza. Si saa za kazi, maana jua limekataza kazi, wala si saa za usingizi peke yake, maana mtu halali muda wa saa tatu nzima mchana akaamka na afya. Wakati wa kipupwe sizipati kabisa; siku huwa inafaa kwa kila shughuli, basi shughuli nazo huijaza yote. Kaskazi ndiyo inayonipa.

Na katika saa hizo nasuka. Ukindu wa mwaka huu nilikwenda kuukata mwenyewe pamoja na jirani yetu, kwenye mikindu iliyo kando ya bonde la mpunga. Tulichagua makuti machanga ambayo hayajafunguka, tukayaanika mpaka yakapauka, tukayachana chane nyembamba, kisha tukazichemsha katika rangi, nyingine zambarau, nyingine nyekundu, nyingine kijani kilichokolea. Fungu moja niliacha jeupe, kwa kuwa mkeka usio na weupe hauonyeshi ua lake. Wakati wa masika ukindu huota ukungu hata ukiuficha darini, na mtu hana hamu nao; upepo wa kaskazi nao huukausha kupita kiasi, ukawa mkavu wa kukata vidole, kwa hiyo naufunga katika kitambaa kibichi na kuchomoa chane chache chache kadiri ninavyozihitaji. Vidole vilikataa siku mbili za mwanzo. Siku ya tatu vikakumbuka, na tangu hapo sivitazami. Macho yangu yako huru kumwangalia kuku anayenyemelea ungo wa embe, au kumtambua anayepita njiani na kumwuliza habari za nyumbani kwake. Nimefikisha pima saba. Mkeka wa kulalia unataka zaidi ya hapo, halafu kuna kushona ukili kwa ukili na kutia upindo, na wala sijui nitamaliza lini.

Sasa kuhusu kuuza. Hukuwapo, ulikuwa chuoni, ndiyo maana hujui kisa hiki; nami sikukusimulia kwa sababu niliona haya. Alipita mtu mmoja mwenye duka, akauona mkeka wetu wa barazani, akaununua kwa bei iliyonishangaza, na papo hapo akaagiza mingine sita iwe tayari kabla ya Ramadhani. Nilifurahi, kwa nini nikufiche. Lakini rangi alizichagua yeye, ua akalichagua yeye, na siku akaziweka yeye. Nikawa nasuka usiku kwa taa mpaka macho yakatoka machozi. Wenzangu walipokuja kukaa chini ya mwembe niliwasikiliza kwa sikio moja, maana mazungumzo yalinipotezea hesabu. Kosa dogo, ambalo siku nyingine ningeliacha likakaa humo kama alama ya siku hiyo, nililifumua na kulirudia. Bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa bado hai, na jioni moja akaniuliza kwa nini siku hizi siimbi nikisuka. Mwanangu, sikuwa nikijua kwamba nilikuwa naimba.

Mikeka minne ilichukuliwa. Miwili ilirudishwa kwa maelezo kwamba zambarau yake haikulingana na ya ile minne, na hiyo ndiyo tunayotandika uani mpaka leo. Sasa naicheka, siku ile sikuicheka. Kaskazi iliyofuata ilikuja ikaondoka bila mimi kugusa chane hata moja.

Usidhani kwamba naidharau biashara. Wako wanawake hapa hapa kisiwani wanaosomesha watoto kwa ukindu, na mikono yao ni mahiri kuliko yangu, nao wakiuza wanauza haki yao. Mimi pia ninacho cha kuuza: mikarafuu niliyorithi kwa babu yako. Karafuu naichuma kwa hesabu, namlipa mchumaji kwa pishi, naitenga na makonyo yake, naianika, naipeleka kituoni, napokea fedha, na sina huzuni hata kidogo ikiondoka. Nimepata bahati kwamba hiyo pamoja na pensheni ya baba yako zinatutosha, na ndiyo sababu naweza kuacha kitu kimoja katika maisha yangu kisihesabiwe.

Tena kuna jambo nimelitafakari tangu nilipoisoma barua yako. Baba yako amecheza bao chini ya mwembe wa msikitini tangu kabla hujazaliwa, kila alasiri ya kaskazi mpaka adhana ya magharibi, na sijapata kusikia mtu hata mmoja, wewe ukiwa miongoni mwao, akimshauri autafutie mchezo wake faida. Mimi nikisuka, kila anayepita huuliza ni bei gani. Labda ni kwa sababu kazi yangu huacha kitu nyuma na yake haiachi kitu ila kelele. Au labda kuna sababu nyingine, nakuachia wewe uliyesoma uitafute.

Hata hivyo, kelele zile nazipenda. Nikiwa hapa uani huzisikia upepo unapogeuka: mtu ameliwa nyumba yake, wenzake wanamlilia kama aliyefiwa, naye anaapa kwamba mchezo haujaisha. Unakumbuka baba yako alivyokuwa akikuketisha pembeni yake ulipokuwa darasa la tatu, akakukataza kusema neno mpaka ujue kunamua, ile hatua ya mwanzo ya kutia kete moja moja? Ulikuwa na pupa. Ulitaka kula tu, na hukutaka kusikia habari ya kutakata, yaani kusambaza kete bila kula, ukiona ni kupoteza zamu bure. Ndiyo maana ulikuwa ukimaliza kete za mkononi huku safu yako ya mbele iko tupu, kisha unanijia jikoni umenuna. Baba yako alikuwa akisema hatakufundisha tena, na kesho yake alasiri ndiye wa kwanza kukutafutia kofia yako.

Huo ndio mchana wetu. Jioni inakuja na mambo yake. Maembe yameanza, dodo na bolibo, nami nimekwisha kukata machanga ya sindano kwa achari. Yametiwa chumvi na yanaanikwa siku ya pili leo, na bado kutiwa pilipili, thomu, tangawizi na siki. Nitakupelekea chupa akipatikana msafiri mwaminifu, maana wa mwaka jana alifika na chupa nusu.

Asumini la bibi yako limerudi. Wakati wa kusi lilinyauka hata nikadhani limekufa, nikawa namwagilia kwa kumwonea haya marehemu tu, na sasa limechanua mpaka linaangusha. Huyachuma matumba yakiwa bado yamefumba kabla ya magharibi, nayatunga kwa uzi na sindano, na mpaka tukitoka kusali isha yamefunguka yote. Siku nikipata mrehani na kilua nafunga kikuba. Siku nyingine natupia machache tu kwenye mito. Baba yako husema kwamba harufu inamzidi na hapati usingizi, lakini juzi nilipokuwa nimechoka nikayaacha mtini, aliniuliza mara mbili kama asumini limekwisha.

Chakula cha usiku tunakila uani juu ya ile mikeka miwili iliyokataliwa. Huwa ni mihogo ya nazi na samaki wa kuchoma, na sharubati ya ukwaju iliyokaa ndani ya mtungi tangu asubuhi, kwa kuwa mimi sijaweza kuipenda ya friji. Dada yako huja na watoto. Umeme ukikatika ndipo tunapofurahi zaidi, ingawa hakuna anayekiri, kwa sababu watoto hulala chali na kuanza kukitafuta kilimia, na mkubwa wao sasa anakipata kabla yangu. Huko Njombe naona mawingu ya Desemba yatakunyima.

Narudi kwenye swali lako, la nini ufanye na jua linalobaki baada ya kazi. Umeandika kwamba wenzako wamekushauri utafute shughuli ya pili ya kuingiza fedha jioni. Kama una deni, fanya, na uniambie ni kiasi gani. Kama huna, basi nakuomba usiiuze alasiri yako kwa haraka, hasa katika mwaka wako wa kwanza mahali ambapo bado watu hawakujui. Yule mzee aliyepanga nyumba moja nawe umemtaja mara tatu katika barua, kwamba jioni hukaa kibarazani peke yake na huitikia salamu vizuri. Huyo ndiye wa kuanzia.

Kwa hiyo, pamoja na barua hii, mjomba wako atakukabidhi mfuko mdogo wa kitambaa. Ndani yake mna komwe 64 tulizoziokota ufukweni, nami nimezihesabu mara mbili. Baba yako ameongeza mbili kwa ajili ya zitakazopotea, kwa kuwa anakujua. Ubao hakuweza kuutuma, meli wanatoza mzigo. Anasema usitafute fundi wa kukuchongea: mashimo 32 huchimbwa hata ardhini, safu nne za mashimo manane, na ardhi ya Njombe kwa jinsi anavyosikia ni nyekundu na inashika vizuri. Anasema pia kwamba, ukimfundisha mzee huyo, umfundishe na kutakata, usimfundishe kula tu. Atapiga simu Jumapili kukuuliza nani amefungwa.

Wasalaam,

Mama yako