Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: kipande cha kaka yangu kimeishia kwenye formalini

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia hadharani kwa kuwa barua zangu za bahasha zinaishia masjala. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, sekondari ya kata, huku Hombolo, Dodoma. Kaka yangu, mkulima wa zabibu, ana saratani ya kongosho. Hospitali yako ndiyo iliyomfanyia upasuaji, na madaktari wako nawashukuru bila kinyongo.

Kinyongo changu ni cha kile kikopo.

Siku moja kabla ya upasuaji alikuja kijana wa utafiti na fomu ya ridhaa. Alieleza vizuri, nami nikamweleza kaka kwa Kigogo: kipande cha uvimbe kitachukuliwa kikiwa hai, seli zake zioteshwe ndani ya jeli mpaka ziwe oganoidi, yaani vivimbe vidogo vya maabara vyenye tabia za uvimbe wa mgonjwa mwenyewe, kisha vijaribiwe dawa mbalimbali. Si hadithi hizo. Wanasayansi Hans Clevers wa Uholanzi na David Tuveson wa Marekani, pamoja na wenzao, walichapisha njia hiyo kwa kongosho mwaka 2015. Hatukufichwa pia kwamba kaka mwenyewe huenda asifaidike. Akacheka: "Mimi niliishia la saba. Acha kipande changu kiende chuo kikuu." Akaweka dole gumba.

Wiki iliyopita ndiyo nikaambiwa ukweli. Kipande chote kilitumbukizwa kwenye kile kikopo, ndani ya formalini, dawa ya kuhifadhia viungo visioze. Kwa kipimo cha hadubini formalini ni sahihi, na kipimo kilihitajika, sikatai. Lakini inaua seli. Ukishatumbukiza chote, huoteshi kitu. Umebaki na kitu kama wale vyura wa kwenye chupa zangu za darasani.

Kwa nini? Mmoja anasema maji ya kutunzia seli yalikuwa yamepitwa na muda. Mwingine anasema umeme ulikatika na jenereta halikuwa na dizeli. Mimi nahisi fungu la utafiti liliishia kwenye posho za vikao. Kama nakusingizia, nisahihishe hadharani vilevile.

Siku ya kuzindua jengo ulitutangazia kwamba Dodoma ni makao makuu, sampuli hazitapelekwa tena Dar es Salaam. Ni kweli, hazipelekwi. Hongera. Na treni ya umeme tunayo tangu 2024, inafika Dar kwa saa chache. Kipande kikiwa kwenye maji yake na barafu kingefika kizima.

Miezi mingi kaka alitibiwa vidonda vya tumbo, mpaka macho yakawa ya njano na mwili ukamwasha usiku kucha. Kongosho limejificha nyuma ya mfuko wa chakula, na wengi hugundulika ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Katika aina kuu ya saratani hii, zaidi ya asilimia 90 ya uvimbe una hitilafu kwenye jeni ya KRAS, inayoamuru seli zigawanyike, lakini wagonjwa wawili wenye hitilafu hiyo hawaitikii dawa sawasawa. Ndiyo maana vinatakiwa vipande vya watu wengi, wa kila mahali. Vingi vilivyopo vimetoka Ulaya na Marekani. Cha Mgogo wa Hombolo mlikuwa nacho mkononi.

Nimeuza ng'ombe, nina deni SACCOS, zabibu zimekauka mwenye shamba akiwa kitandani. Sidai fidia. Nataka mtungi wa nitrojeni ya kimiminika, wenye nitrojeni ndani, si wa kupiga picha. Kipande kikigandishwa humo kwa utaratibu wake kinasubiri, umeme uwepo usiwepo. Kama mtungi mmoja unawashinda, basi isimamisheni ile fomu.

Kila Jumapili kaka ananiuliza kama kipande chake kimeota. Njoo umjibu wewe, Mheshimiwa. Barabara ya Hombolo unaijua, ulipita ukiomba tukuunge mkono. Na mtungi uwe umeshafika kabla ya mgonjwa mwingine hajaambiwa aweke dole.

Wako,
Mwalimu wa baiolojia, Hombolo