Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Faida Imepanda, Mgao Wetu Umeshuka

Wanachama wenzangu,

Mambo ya ada na mikopo ya chama chetu mtayasikia kwa mweka hazina, na hayana tatizo. Mimi nitazungumzia pesa iliyoingia benki mwezi wa sita.

Mwaka jana ile kampuni ndogo tuliyonunua hisa zake ilitulipa mgao, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa, wa shilingi 28,500 baada ya kodi ya asilimia 5. Mwaka huu imetulipa 22,800. Hisa zetu ni zile zile 60,000, hatujauza hata moja. Na ukurasa wa kwanza wa ripoti yao unatangaza kwamba faida imepanda kutoka milioni 24 hadi milioni 27. Wiki hiyo simu yangu haikupumzika, na swali lilikuwa moja: nani amekula?

Nilikaa na mweka hazina jioni nzima, yeye na kikokotoo chake, mimi na miwani. Kurasa za mwanzo ni picha za wakurugenzi wakipanda miti. Jibu lilikuwa huko nyuma, kwenye maelezo ya mtaji. Hisa za kampuni zilikuwa milioni 12, sasa ni milioni 15. Milioni 1.5 walipewa wakubwa wa kampuni kama bonasi, na milioni 1.5 nyingine akauziwa mwekezaji mmoja chini ya bei ya soko. Pesa iliyotengwa kwa mgao ni milioni 6, sawa na mwaka jana. Sufuria ni ile ile, sahani ndizo zimeongezeka: senti 50 kwa hisa zimekuwa 40.

Piga hesabu ya faida vivyo hivyo. Milioni 24 kwa hisa milioni 12 ni shilingi 2 kwa kila hisa. Milioni 27 kwa hisa milioni 15 ni shilingi 1.80. Umiliki wetu nao umetoka asilimia 0.5 hadi 0.4 tukiwa tumelala. Wakati huo wakurugenzi watatu walilipwa milioni 19 taslimu, mbali na hizo hisa. Yaani watatu wamepata zaidi ya mara tatu ya walichogawana wenye hisa wote.

Simlaumu kila anayelipwa kwa hisa. Kampuni changa isiyo na pesa hufanya hivyo ili mtu wake mzuri asiondoke, na ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo. Kinachonikera ni bonasi isiyo na sharti: faida kwa kila hisa imeshuka, na bonasi imetoka.

Tena yule mwekezaji kuuziwa hisa tuliruhusu wenyewe. Sheria ya Makampuni ya Kenya ya 2015 inawapa wenye hisa wa zamani nafasi ya kwanza hisa mpya zinapouzwa kwa pesa, na kuiondoa nafasi hiyo kunahitaji azimio maalum la asilimia 75 ya kura. Azimio hilo lilikuwa namba 7 kwenye ajenda yao. Fomu yetu ya wakala, ile ya kumruhusu mtu mwingine atupigie kura, niliisaini mimi, nikaacha visanduku vyote vya ndiyo na hapana wazi, na kura zetu zikapigwa na mwenyekiti wa mkutano apendavyo. Hisa 60,000 zisingezuia kitu peke yake, lakini hilo halinisafishi.

Anayedhani ni mambo ya kampuni ndogo tu akumbuke Kenya Airways mwaka 2017. Madeni yalipogeuzwa kuwa hisa, benki zilichukua asilimia 38.1, Serikali ikapanda hadi 48.9, shirika la ndege la Uholanzi, KLM, likashuka kutoka 26.7 hadi 7.8, na wenye hisa wadogo wakaachiwa 2.8. Pale ndege zilikuwa zinaokolewa. Huku kwetu sioni kilichokuwa kinaokolewa.

Kamati inapendekeza tusiuze kwa hasira, kwani kwa bei ya leo tutapata hasara. Tunaomba nauli ya watu wawili kwenda mkutano wao, wapige kura kuhusu ripoti ya malipo ya wakurugenzi na waulize sharti la bonasi ni lipi. Katibu ameshaongea na vikundi viwili vingine vyenye hisa humo. Kuanzia sasa, kabla ya kununua hisa yoyote, mweka hazina atatuletea idadi ya hisa za kampuni hiyo kwa miaka mitano.

Fomu ya wakala ya mwaka huu iko kwa katibu. Bado sijaisaini.