Barua kwa mwanangu: ukienda New Orleans, Jumapili usiikose

Mwanangu,

Salaam aleikum baba'angu. Mie nshafika Tanga, mizigo yote imefika na miguu imeanza kupungua kuvimba, alhamdulillah. Nakuandikia hii ndefu kwa sababu kwenye simu hatukumalizana, kila nikianza kukusimulia New Orleans huko kwenu Marekani unaniambia mama niko shifti, na mimi nina jambo nataka nikwambie kuhusu ule mji na linakuhusu wewe pia, kwa hiyo soma ukishatulia, hata ukisoma kwa mafungu sawa tu.

Kwanza ahsante kwa ile wiki, Mungu akuongezee ulipopunguza. Uliponiambia umenilipia safari ya grupu la wastaafu, yenye mwongozaji na ratiba ya kila siku, nilijua tutazungushwa kwenye majengo, tupige picha, turudi hotelini tulale. Majengo tuliyaona kweli, ule mtaa wa kale wa French Quarter na vibaraza vyake vya chuma, ambao watu wanasema wa Wafaransa lakini moto wa 1788 na ule wa 1794 uliteketeza sehemu kubwa sana, kwa hiyo mengi ya zamani unayoyaona pale yamejengwa enzi za Wahispania. Ni mazuri. Picha nshakurushia wasap, sitayaongelea tena. Na ile kahawa yenye chicory, mzizi uliokaangwa ukasagwa, na yale maandazi yaliyomwagiwa sukari ya unga ya Café du Monde, nilikula, matamu, basi.

Siku iliyonishika ni ile tuliyopelekwa Congo Square. Ni uwanja wa mawe chini ya mialoni, uko ndani ya Louis Armstrong Park, mtaa wa Tremé. Watumwa walikuwa wanaachiwa Jumapili, na mwaka 1817 mji ukatoa amri wasikusanyike ovyo, wakutane mahali pamoja tu, ikawa ndio pale. Watu waliotolewa Kongo, Angola, Senegambia, wote Jumapili wako pale, ngoma zinapigwa, bamboula inachezwa, na pembeni wanawake wana biashara zao za vyakula. Mwongozaji wetu, bibi mmoja mzaliwa wa hapo hapo Tremé, akatutajia kitu kinaitwa calas, halafu jioni kwenye darasa la mapishi tukazipika wenyewe. Mwanangu, vile ni vitumbua! Wali umepikwa laini, unapondwa, unatiwa unga, mayai, sukari na kungumanga, unaachwa uumuke, halafu unachoma kwenye mafuta. Zamani waliuchachusha usiku kucha kabisa. Wanawake weusi walikuwa wanazitembeza mitaani asubuhi kichwani wakiita wateja, na enzi ya Mhispania sheria ilimruhusu mtumwa kujinunua, wakawepo walioweka senti ya vitumbua mpaka wakajikomboa wao na watoto wao. Wewe unajua sisi sote tumesomeshwa na vitumbua vya bibi yako pale barabara ya kumi na tatu, sasa fikiria mtu ambaye ada anayolipa ni shingo yake mwenyewe.

Sasa hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Nilimuuliza yule bibi, huu muziki umewezaje kubaki, maana mtumwa hana kitu, na baada ya utumwa ukaja ubaguzi, mtu mweusi bima hapewi, daktari hamtaki, akifa wa kumzika ni shida. Akanijibu ni vyama. Vyama vya kusaidiana, yaani kama hivi vyetu vya kufa na kuzikana, watu wa mtaa mmoja wanachanga kidogo kidogo, mwanachama akiugua anatibiwa, akifa anazikwa kwa heshima, na heshima kwao ni pamoja na bendi ya matarumbeta impeleke makaburini. Wakienda wanapiga taratibu, nyimbo za kanisani, watu wanatembea kwa hatua nzito, wakishaagana na mwili ndio wanabadilisha, wanapiga ya kuchangamka na kina mama wanafungua miamvuli wanacheza kurudi nyumbani. Sisi dini yetu maiti haiendi na ngoma, unajua msimamo wangu, lakini nilielewa wanachokifanya, kwamba huyu mtu wamemsindikiza wote na hakuna aliyebaki ndani. Wapigaji walipata kazi na wakalipwa kwa sababu vyama vipo. Yaani ile jazz dunia nzima inayoijua, iliyowafikia mpaka wazee wetu wa Tanga wakaanzisha bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, nyuma yake kuna watunza hazina wenye madaftari ya michango. Louis Armstrong mwenyewe, yule mpiga tarumbeta, pamoja na umaarufu wote ule, mwaka 1949 alirudi kwao kuwa mfalme wa chama cha Zulu siku ya Mardi Gras, ile sherehe yao kubwa ya maandamano, na chama hicho kimeandikishwa tangu 1916 na kipo mpaka leo.

Nikamweleza habari za beni. Sijui kama babu yako aliwahi kukusimulia, beni ya pwani, Marini na Arinoti, watu na yunifomu zao na vyeo vyao na matarumbeta na gwaride la mtaa kwa mtaa, wanashindana nani kapendeza zaidi, na mwenzao akifiwa wanasimama naye. Yule bibi alinishika mkono akasema hebu rudia. Tukakaa kwenye benchi tukawaacha wenzetu wakamalize kupiga picha.

Jumapili akatupeleka kwenye gwaride lenyewe la chama, wanaliita second line, hii haikuwa maonyesho ya watalii, ilikuwa siku ya chama fulani, maana kila chama kina Jumapili yake kwa mwaka, kuanzia kiangazi kinapoisha mpaka kingine kinapokaribia. Tumesimama nje ya nyumba ndogo ya mbao, bendi iko barabarani imeshaanza, halafu mlango unafunguliwa na wanachama wanatoka mmoja mmoja, kila mtu anatoka anacheza peke yake kwanza, kavaa suti rangi ya chungwa kuanzia kofia mpaka viatu, mkanda begani umeandikwa jina la chama, mkononi kipepeo cha manyoya ya mbuni. Kuna mzee mmoja alitoka na mkongojo. Akausimamisha, akauzunguka, akashuka magoti mpaka karibu na lami akapanda tena, na mtaa mzima ukapiga kelele. Mimi nikalia, nakwambia ukweli, sikujua ninalia nini.

Halafu wote tukafuata nyuma, maana wanaofuata ndio wanaoitwa second line, wenyewe mbele na bendi, nyuma yeyote yule, watoto kwenye baiskeli, jamaa wanasukuma maboksi ya barafu wanauza maji na soda. Wanatembea kama masaa manne, mimi sikuyamaliza. Lakini nilifika nao Claiborne Avenue. Hii ilikuwa ndio barabara ya biashara za watu weusi, mialoni mirefu katikati, familia zinakaa chini ya vivuli, na miaka ya 1960 miti ikakatwa ikajengwa barabara kuu ya juu kwa juu kwenye nguzo za zege. Sasa wao wanapita kule kule chini ya daraja. Bendi ikiingia pale sauti inagonga zege inarudi, lile tarumbeta kubwa linalomzunguka mtu mwilini, sousaphone, unalisikia kwenye mbavu, na watu ndio wanacheza zaidi hapo kuliko pengine pote. Nilimwona msichana wa umri wako amepanda juu ya kitako cha nguzo anacheza huku amefumba macho.

Na kile kimbunga Katrina unakikumbuka, ulikuwa mdogo, 29 Agosti 2005, kuta za kuzuia maji zikapasuka, karibu asilimia 80 ya mji ikaingia maji. Wengi walikimbilia hapo hapo Houston unapoishi wewe. Yule bibi aliniambia wanachama walikuwa wanaendesha gari kutoka Houston mpaka New Orleans, zaidi ya kilomita mia tano, nyumba zao hazikaliki, watembee na chama Jumapili halafu warudi usiku kazini. Ada ya kibali cha polisi cha kufanya gwaride ikapandishwa mno, vyama vikashikana vikaenda mahakamani mpaka ikashushwa.

Ndio maana nasema na wewe. Uliponiambia unataka kujitoa kwenye jumuiya ya huko, kwamba michango haiishi, leo msiba huyu kesho yule, na mikutano iko mbali, sikukujibu kwa sababu nilikuwa mgeni nyumbani kwako sikutaka kuharibu siku. Sasa nakujibu. Usijitoe. Kusafirisha mwili kutoka Marekani mpaka Tanga si pesa ya mtu mmoja, umeona mwenyewe mlivyohangaika kwa yule kijana wa Korogwe, na aliyechangiwa pale si yeye tu, ni mama yake aliyekuwa anasubiri huku. Mimi ndiye mama wa namna hiyo. Siku ya furaha mnapokutana mnapika pilau na watoto wenu wanasikia taarabu na Kiswahili, hiyo nayo inatoka kwenye mfuko huo huo.

Chakula sasa, maana najua ndicho ulichokuwa unasubiri. Tulikula Dooky Chase's, mgahawa uliofunguliwa 1941, ambao Leah Chase aliupikia mpaka uzeeni, amefariki 2019 ana miaka 96. Enzi weupe na weusi kukaa meza moja ni kosa kisheria, yeye aliwaweka ghorofani wapigania haki wakapanga mipango yao huku wanakula gumbo, ule mchuzi wao mzito. Uliza kwanza kabla hujala popote, gumbo nyingi zina soseji ya nguruwe, na maharage mekundu na wali yanayopikwa Jumatatu nayo mara nyingi yana nguruwe ndani. Kwenye darasa walinipikia ya kamba na kaa peke yake.

Unaanza na unga wa ngano na mafuta sawa kwa sawa, moto mdogo, unakoroga bila kuondoka, mimi nilikoroga kama dakika arobaini mkono ukafa ganzi, kutoka nyeupe inakuwa rangi ya karanga, halafu kahawia kabisa. Ukiona vidoa vyeusi imeungua, mwaga uanze upya, usijidanganye. Ikifika hapo unatia kitunguu, pilipili hoho na seleri kwa pamoja, inachachatika na harufu inabadilika palepale. Halafu supu ya vichwa na maganda ya kamba, usitupe maganda. Ukipenda, mwisho unanyunyiza filé, unga wa majani ya sassafras, hiyo wameipata kwa Wahindi Wekundu wa Choctaw. Wali unaweka kidogo katikati ya bakuli.

Ukipata likizo nenda, mchukue na mkeo. Nendeni Preservation Hall usiku, pale tangu 1961 wanapiga jazz, mnakaa karibu na wapigaji mpaka mnasikia pumzi zao. Lakini hakikisheni Jumapili inawakuta mjini, vaeni raba, na msikae mbele ya wenye chama, nyuma ya bendi ndio mahali penu.

Ukitaka kutia bamia, zikaange kwanza zenyewe mpaka mlenda ukauke ndipo uzitie kwenye gumbo, za barafu ziyeyuke kabisa kwanza. Dada yako anakusalimia, anasema zile dawa za presha zimefika. Mpigie katibu wa jumuiya wiki hii, halafu unitumie ujumbe kwamba umempigia.

Mama yako